Tende, asali au sukari guru: nini kinashika kashata za matunda na njugu wakati wa kusi?

Binti Langoni, Lamu

Assalamu alaikum jamaa. Naomba ushauri wa watu waliotia mkono wenyewe, maana nimejaribu mara tatu na bado niko njia panda.

Kakangu ni mvuvi. Huondoka na mashua kuelekea Kiwayuu, akakaa huko siku tatu, nne, hata tano. Chakula cha kupika wanacho na samaki hawakosi. Taabu ni kile cha kutia mdomoni saa kumi alfajiri wakati wa kuvuta nyavu. Biskuti za dukani siku ya pili zimeshalainika, na mkate wa mofa umekuwa jiwe. Mwezi uliopita nikamtengenezea vipande vya matunda makavu na njugu, nikavikata upana wa vidole viwili. Mimi naviita kashata ingawa si kashata zile za bibi zetu. Alirudi na kopo tupu, na wenzake wakaagiza vyao.

Namna ya kwanza nilishikisha kwa tende. Nilitoa kokwa tende gramu 400, nikaziloweka kwenye maji moto nusu saa, nikazitwanga kinuni, kisha nikatia korosho za kukaanga gramu 150, simsim gramu 50 na embe kavu gramu 100 nilizoanika mwenyewe tangu Machi. Sikupika. Nikazishindilia kwenye sinia na kuzikata. Mama yangu, ambaye hana haja na tende nje ya Ramadhani, alirudia mara mbili. Lakini siku ya nne nilifungua kopo nikakuta vipande viwili vimeota ukungu, mviringo mdogo mweupe wenye manyoya, pale pembeni ya embe.

Ya pili, asali. Nilichemsha kikombe kimoja kwa dakika kama tano, nikachanganya na vitu vilevile. Jioni vilikatika vizuri. Asubuhi vyote vimeshikana, bonge moja.

Ya tatu, sukari guru gramu 250 na vijiko vitatu vya maji, mpaka shira ikawa nzito. Hizi zilivunjika kwa mlio, tamu mno na chai. Siku mbili baadaye zikaanza kutoa jasho, na karatasi niliyozifungia haikubanduka.

Sasa ni Juni, kusi limeshika, nguo zenyewe hazikauki. Ningekuwa natengeneza za kula nyumbani jioni nisingeuliza. Lakini kwa mtu anayekwenda baharini, nichague ipi?

Bi wa Mkomani

Waalaikumu salaam mwanangu. Ndia ya tatu ndiyo ndia, ila hukuifikisha.

Kwanza sukari guru iweke mpaka kaskazi. Ina unyevu wake wa asili na wakati huu wa kusi haikubali. Chukua sukari nyeupe vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki kidogo. Moto wa wastani. Shira ikianza kutoa uzi, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likishikika kwa vidole kama gundi laini, tia njugu zako na ukoroge usipumzishe mkono. Utaona ukingoni mwa sufuria shira inageuka nyeupe, inafanya mchanga. Hapo ndipo. Imimine kwenye sinia uliyoipaka mafuta, isawazishe kwa mgongo wa upawa, ikate ingali moto. Ukingoja ipoe utaivunja vipande vya ovyo.

Wengi hupika mpaka inang'aa kama kioo, wakaona ndiyo imeiva. Yapendeza mato, lakini kusi likiipuliza hunyonya maji. Ile iliyofanya mchanga hukaa.

Na nakuuliza, ulitia ndimu? Kuna wanaotia ndimu ili shira isigande. Kwa kaimati ni sawa, kaimati hutaka shira inayotiririka. Kwa kashata ndimu huiharibu.

Binti Langoni, Lamu

Nilitia, Bi. Nusu ndimu. Sikujua.

Fundi wa Tanuri, Malindi

Shikamoo Bi. Mimi huoka mikate na keki huku Malindi, na hayo uliyoyasema kwa mkono nimeyaona yakitokea kwangu mara nyingi. Naongeza sababu tu, kwa faida ya dada.

Sukari nyeupe peke yake haivuti sana maji ya hewani. Zinazovuta ni zile sukari mbili zilizo nyingi kwenye asali, glukosi na fruktosi, hasa fruktosi. Sukari guru nayo inazo kiasi, pamoja na ule uzito mweusi wa miwa usiosafishwa. Ukitia ndimu kwenye shira ya moto, ile asidi huivunja sukari ya kawaida na kuifanya hizohizo mbili. Kwa hiyo dada ulichukua sukari inayovuta maji ukaizidishia. Kwa wenye kipimo cha joto, shira ya Bi ni karibu nyuzi 115, na ile ya kioo inayovunjika kwa mlio huenda mpaka 150.

Lakini mimi nisingekwenda na sukari kwa mtu wa baharini. Ningerudi kwenye tende, maana pale ulikuwa karibu zaidi kuliko unavyodhani.

Ukungu ule haukuletwa na tende. Tende ina sukari nyingi kiasi kwamba maji yake yamefungwa, ukungu hauna cha kunywa. Wewe ukaziloweka nusu saa, ukaupa ukungu maji ya bure. Kisha embe. Umesema ukungu ulianzia pembeni ya embe, na hilo ndilo linaloniambia kwamba embe haikukauka sawasawa, au ilikauka Machi ikarudisha unyevu Mei kwenye mvua. Ulikuwa unaziweka wapi?

Binti Langoni, Lamu

Kwenye mfuko wa karatasi, juu ya kabati la jikoni.

Fundi wa Tanuri, Malindi

Basi ndiyo hiyo. Jikoni kuna mvuke kila siku, na karatasi haizuii kitu.

Fanya hivi. Embe ukate nusu sentimita, usizidishe. Ngowe ndiyo nzuri kwa kazi hii kwa kuwa haina nyuzi. Dodo ni tamu lakini nyuzi zake hubaki kwenye meno, na ukiikausha zinazidi. Msimu huu wa mvua usitegemee jua. Panga vipande kwenye uteo au wavu, tanuri kwa moto mdogo kabisa, mlango uwe wazi kidogo ili mvuke utoke, saa sita mpaka nane. Ikiwa tayari, kunja kipande mara mbili: kinapinda bila kuvunjika, na ukikibana hakiachi unyevu kidoleni.

Halafu kuna jaribio ambalo watu huliruka. Jaza embe zilizopoa kwenye chupa kubwa ya kioo mpaka theluthi mbili, funga, na uitikise kila siku kwa wiki moja. Vipande vilivyokauka zaidi hunywa unyevu wa vilivyobaki nyuma, vyote vikawa sawa. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, hata tone dogo, rudisha zote kwenye tanuri.

Tende usiloweke. Zifunge kwenye kitambaa uziweke juu ya mvuke dakika tano, au zipashe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo huku ukizigeuza. Zitalainika bila kunywa. Twanga, tia vyako, kanda kwa nguvu kama unga wa chapati, shindilia kwenye sinia kwa kitako cha kikombe mpaka kusiwe na nafasi ya hewa ndani. Kata. Kisha panga vipande mbalimbali, visigusane, uoke kwa nyuzi 150 dakika 20, ugeuze, uongeze 10. Havitakuwa vigumu kama kashata ya Bi, ila ngozi ya nje itakauka na ndani pabaki laini.

Asiye na tanuri apalie, moto kidogo chini na makaa machache juu ya kifuniko, kama mkate wa sinia. Nimeanza kazi hii kwa kupalia na kazi ilikwenda.

Mzee wa Mizinga, Gede

Naona asali inasingiziwa. Mimi nafuga nyuki huku kandokando ya Arabuko Sokoke, na nyumbani kwetu hatupungukiwi.

Asali haikuumbwa kuwa gundi. Yenyewe huwa na maji kama asilimia 17 au 18 ikiwa imeiva na nyuki wameifunika kwa nta. Ikivunwa mbichi kabla ya kufunikwa huzidi 20, na hiyo hata kwenye chupa huchacha. Dada alichemsha kikombe kizima. Kilichomshinda ni wingi. Tia vijiko viwili vya chakula kwenye gramu 400 za tende, kwa ajili ya harufu tu, na utaona tofauti. Asali ya msituni ina harufu ambayo tende haiwezi kuitoa.

Uiweke mwishoni baada ya kutwanga, wala isikae motoni muda mrefu. Ukiichemsha unabaki na utamu mtupu.

Muuguzi, Mambrui

Samahani kuingilia mambo ya jikoni, ila kuna matatu ambayo siwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni njugu zenyewe. Naona wote tunazungumzia kinachoshika na hakuna aliyeuliza njugu zimetoka wapi. Njugu karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu inayotoa sumu, aflatoksini, wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Kuzikaanga hakuiondoi, moto wa jikoni hauitoshi. Kwa hiyo zichague kabla ya kukaanga, moja moja kwenye uteo, na utupe iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, au yenye ladha chungu. Usimpe kuku, tupa. Na usinunue za kumenywa zilizokaa wazi sokoni wakati wa mvua, nunua zenye maganda umenye mwenyewe. Korosho na simsim pia zichague.

La pili ni watoto. Vipande vikiwa nyumbani, vitafika mkononi mwa mtoto tu. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi kitu chenye asali hata kidogo, kwa sababu ya ugonjwa wa botulizimu ambao tumbo lake changa haliwezi kuuzuia. Na wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzimanzima, humpalia. Mtwangie.

La tatu, wenye kisukari. Nasikia watu wakisema tende si sukari. Tende kavu karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Ina nyuzinyuzi na madini, ni bora kuliko shira, lakini baba mwenye kisukari akila vipande vinne kwa imani kwamba ni matunda, kipimo cha asubuhi kitamshtua. Kipande kimoja kidogo, na akihesabu kwenye chakula chake.

Binti Langoni, Lamu

Ahsante sana dadangu. Mama ana kisukari na sikuwa nimefikiria. Alirudia mara mbili, kama nilivyosema pale juu.

Nahodha, Shela ya Lamu

Mimi sipiki, nala. Nimekaa baharini zaidi ya miaka ishirini kwa hiyo niseme upande wa mlaji.

Bi wa Mkomani anisamehe, kashata ya sukari ukiila juani inaleta kiu, na maji ya kunywa chomboni ni ya kupimiwa. Vipande viwili tu unatafuta mtungi. Tende haifanyi hivyo kwa kiwango kile. Ukitia chumvi kidogo ndani, mwili unashukuru, kwa sababu jasho limeshatoka tangu alfajiri.

Pili, mkono mmoja huwa umeshika demani, kamba ya tanga, na wa pili umelowa maji ya chumvi. Kitu kinachonata kidoleni ni taabu. Kipande kisizidi kidole cha kati kwa urefu, kiingie mdomoni kwa mara mbili, kisiache makombo.

Tatu, usikifunge chote pamoja. Kopo likifunguliwa mara kumi kwa siku, unyevu umeingia mara kumi. Fungasha vya siku moja moja kwenye karatasi ya mafuta, kisha vyote ndani ya kopo la bati lenye kifuniko cha kubana.

Kijana wa Maweni, Malindi

Swali la haraka: nazi je? Naona hakuna aliyeitaja na sisi watu wa pwani.

Bi wa Mkomani

Nazi mbichi iliyokunwa ni ya kuliwa siku ile ile au ya pili. Ukitaka ikae, ikaange kavu kwenye sufuria bila mafuta mpaka iwe rangi ya chai ya maziwa. Hata hivyo baada ya wiki mbili hupata harufu ya mafuta ya zamani. Kwa safari ya bahari mimi nisingeitia.

Fundi wa Tanuri, Malindi

Naafiki. Badala yake, dada, jaribu unga wa ubuyu. Ukishakata vipande, vigaragaze kwenye unga wa ubuyu kama tunavyonyunyiza unga kwenye chapati. Ni mkavu, unakunywa unato wa juu, na uchachu wake unakata utamu wa tende. Ubuyu wa kumung'unya uliotiwa rangi na sukari haufai, nataka ule mweupe, mtupu, uliotwangwa na kuchekechwa.

Binti Langoni, Lamu

Nimerudi, na nina habari.

Nilitengeneza makopo matatu na kuyafunga kamba za rangi tofauti. Nyekundu, kashata ya sukari nyeupe kwa namna ya Bi, bila ndimu. Nyeupe, tende za kupashwa kwenye mvuke na kuokwa, pamoja na vijiko viwili vya asali ya Mzee. Kijani, tende hizohizo bila asali, zimegaragazwa kwenye ubuyu. Embe nilizirudisha kwenye tanuri saa saba, nikazitia kwenye chupa. Siku ya pili kioo kilifanya ukungu wa maji, nikazirudisha tena. Kama si ile chupa ningejua siku ya nne kwenye kopo la kakangu.

Kila kopo nililigawa, nusu ikaenda baharini na nusu ikabaki nyumbani kwenye rafu ileile ya jikoni, nikawa nalifungua kila siku ili lipate taabu kama ya chomboni.

Kashata ya Bi ilinishangaza. Mpaka siku ya tisa kavu, inavunjika sawasawa, haijatoa jasho. Ile hatua ya kufanya mchanga ndiyo iliyokuwa imenipita. Mara ya kwanza niliiona ikigeuka nyeupe nikadhani imeharibika, nikataka kuongeza maji, kisha nikakumbuka maneno yake nikaimimina. Lakini kakangu alirudi na nusu yake. Alisema maneno yaleyale ya Nahodha, inaleta kiu.

Nyeupe ilinukia vizuri kuliko zote, tukifungua kopo chumba kizima kinajua. Ilianza kunata kidogo siku ya tano. Si vibaya, ila mikono iliyolowa haitaki hata kidogo. Hii nimeiweka kwa wageni na kwa Maulidi inshallah, mji ukijaa watu.

Kijani ndiyo iliyokwisha kabla ya nyavu za mwisho. Iliyobaki nyumbani, leo ni siku ya kumi na mbili, haina doa. Pembeni zimekuwa ngumu kidogo, ndani laini. Ubuyu umeingia ndani ya ngozi ya juu na kufanya kama vumbi la rangi ya maziwa, hakuna kinachoshika kidole.

Kosa moja nililolifanya nalitaja ili mwingine asilirudie: fungu la kwanza la kijani nililifunga lingali na joto kwa sababu mashua ilikuwa inangoja. Saa moja baadaye nikaona matone chini ya kifuniko. Nikalitoa lote na kuliweka kwenye uteo chini ya kawa mpaka magharibi. Mashua iliondoka bila hilo.

Vipimo vyangu vya sasa ni tende gramu 400, korosho 150, simsim ya kukaanga 70 (niliongeza, inashika vizuri na ni rahisi kuliko korosho, ambayo ndiyo inayokula pesa), embe kavu 80, chumvi robo kijiko cha chai, iliki punje sita zilizotwangwa. Vinatoka vipande 28. Cha mama nakipima peke yake, nusu ya ukubwa huo.

Kijana wa Maweni, Malindi

Hongera dada. Ukianza kuuza kwa watalii utawafungia nini? Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Binti Langoni, Lamu

Kwa sasa ni karatasi ya mafuta na uzi, na wavuvi wananiletea makopo yao. Kwa watalii bado. Kitu cha kufungashwa na kuwekwa dukani kinahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na mimi mwenyewe nahitaji cheti cha afya cha kushika chakula. Nitaanza na cheti.

Nahodha, Shela ya Lamu

Anza pia na mimi. Naondoka Jumamosi na maji kujaa, watu sita, siku nne. Za kijani. Makopo nitamwachia kijana wa mashua pale gatini Ijumaa baada ya sala.

Binti Langoni, Lamu

Nimepokea, ami. Korosho nitazichagua leo usiku, kesho tanuri. Zitapoa mpaka Ijumaa adhuhuri, safari hii sifungi kitu cha moto.